Teknolojia Nyumbani: Pima Kisanduku Kabla ya Kununua Kadi



Mama mmoja wa Kisauni ameniletea barua ndefu, nami nimemwomba idhini niijibu hapa kwa kuwa najua si yeye peke yake aliye na swali hili. Bintiye amemaliza kidato cha nne na azma yake ni urubani. Mjomba wake aliye Doha alituma fedha akanunuliwa kompyuta ya mezani, katika zile za ofisi zilizotumika Ulaya kisha zikasafishwa na kuuzwa tena huku kwetu, pamoja na programu ya kuigiza urubani, Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020. Ndege yaruka, lakini picha hukatikakatika, na kila binti akikaribia kutua Mombasa skrini huganda. Ikizindukana, ndege imekwisha kuangukia baharini. Dukani wameambiwa kwamba dawa ni kadi ya grafiki ya shilingi 120,000. Mama atapokea 50,000 zamu yake ya chama itakapofika. Muuzaji akamtuliza kwamba zilizosalia atakopeshwa kwa simu, atalipa kila mwezi, na akichelewa patakuwa na "nyongeza kidogo". Mama auliza mambo mawili: kadi hiyo ni lazima? Na je, fedha za chama si zinapotea katika mchezo wa watoto?

Nitatanguliza la pili, maana likijibiwa vibaya la kwanza halina haja. Simuleta ya urubani haifanani na michezo ya kupigana risasi inayowakesha vijana wetu. Wala si chuo cha urubani. Kwa mujibu wa kanuni zetu, leseni ya rubani binafsi hutaka saa 40 za kuruka na ile ya biashara saa 200, na saa za sebuleni hazihesabiwi hata moja. Faida yake ni nyingine. Binti atajua kusoma vyombo vya ndege kabla hajaiona ndege, atazoea kufuata orodha ya ukaguzi hatua kwa hatua bila kuruka hata moja, atafahamu upepo wa ubavuni humfanyia nini anayetua, na zaidi ya yote atajijua kama kweli aipenda kazi hii au aipenda sare yake. Karo ya vyuo vya Wilson si ya kuchezewa. Na kabla familia haijauza kiwanja kwa ajili ya karo hiyo, naomba binti apelekwe kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa kuwapima marubani, hususan macho na uwezo wa kutofautisha rangi. Wako waliolipa nusu ya karo ndipo wakapimwa.

Na kwa jirani anayenong'ona kwamba hiyo si kazi ya mwanamke wa Kiislamu: Februari 2016 ndege ya Royal Brunei, aina ya Boeing 787, ilitua Jeddah ikiongozwa na wanawake watatu, nahodha wao akiwa Sharifah Czarena. Tuendelee na kadi.

Ndani ya kompyuta mna watumishi wawili wanaotuhusu leo. Prosesa ndiye mpishi: hupiga hesabu za upepo, mafuta, mabawa, mawingu na ndege nyingine zilizo angani. Kadi ya grafiki ndiye mpakuaji na mpambaji wa sinia: hupokea kilichokwisha kupikwa akakichora kikawa bahari, minazi na mapaa ya nyumba, mara kadhaa katika kila sekunde. Picha moja nzima huitwa fremu. Arusini, sufuria ya pilau ikichelewa jikoni, hata uwaite wapakuaji ishirini wageni watakaa na njaa. Na simuleta za urubani, kinyume na michezo mingi, humchosha sana mpishi. Ndiyo maana kuna watu walionunua kadi ya fedha nyingi na ndege yao ikaendelea kukwamakwama vilevile.

Jambo la kufariji ni kwamba urubani hauhitaji fremu nyingi. Anayecheza michezo ya risasi hutaka 60 kwa sekunde au hata 120, kwa sababu adui hutokea ghafla. Ndege hugeuka polepole. Fremu 30 zisizoyumba zamtosha mwanafunzi. Zinazomtesa ni zile zinazopanda 45 kisha zikashuka 8 wakati magurudumu yanakaribia ardhi. Basi muuzaji akikuonyesha karatasi yenye nambari kubwa za fremu, zisikubabaishe.

Sasa niitazame kompyuta yenyewe, maana binti aliandika vipimo vyake vyote nyuma ya barua kwa hati safi, Mwenyezi Mungu ambariki. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha nane. Kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ni gigabaiti 8. Diski ni ile ya zamani ya kuzunguka. Kadi ya grafiki hakuna kabisa. Kisanduku cha umeme kilichomo ndani ni cha wati 250. Na kompyuta yote ni bapa, nyembamba, hulala chini ya skrini kama msahafu juu ya marfaa.

Prosesa hiyo si mbaya. Watengenezaji wa simuleta ya 2020 waliitaja Core i5-8400, ya kizazi hichohicho, katika mapendekezo yao. Lakini kwa RAM walipendekeza gigabaiti 16, naye ana 8. Tena, kwa kuwa hakuna kadi, picha zachorwa na sehemu ndogo iliyomo ndani ya prosesa, nayo haina kumbukumbu yake. Hukopa katika zilezile 8. Anapokaribia mji, majengo huwa mengi, kumbukumbu hujaa, na kompyuta hulazimika kuhamishia mzigo kwenye diski inayokwenda kwa mwendo wa punda. Hapo ndipo skrini huganda. Kwa hiyo kitu cha kwanza kununuliwa si kadi. Ni RAM ifike 16, na diski mpya ya aina ya SSD yenye nafasi isiyopungua gigabaiti 500, kwa kuwa simuleta peke yake hutaka 150. Vitu hivi viwili vitaifaa nyumba nzima, hata siku binti atakapoacha urubani akawa mwalimu.

Kadi hata hivyo itahitajika, sitaki kumpa mama matumaini ya uongo. Ile sehemu ndogo ya kuchora haiwezi kazi hii, hata ukiiongezea RAM ya kiasi gani.

Ila si kadi ya 120,000, na sababu ya kwanza haina uhusiano wowote na fedha: haitaingia. Kadi za daraja hilo ni nene, ndefu kama sahani ya kashata, na zimetengenezwa kwa makasha marefu ya kusimama. Kompyuta bapa ya ofisi hupokea kadi za kimo kifupi tu. Hata lau ingeingia, isingepata umeme. Kadi ya daraja la kati kama RTX 3060 hula wati 170, na watengenezaji wake hutaka kisanduku cha umeme cha wati 550. Huyu ana 250, tena katika kompyuta za aina hii kisanduku hicho aghalabu kina umbo lake cha pekee, wala huwezi kukibadilisha kwa kingine chochote cha dukani. Muuzaji hakumwuliza mama hata swali moja kuhusu kasha wala wati. Aliuliza kuhusu simu yake tu, kama yaweza kukopa.

Kinachofaa hapa ni kadi inayopata umeme wake wote kutoka kwenye tundu inamochomekwa, bila waya wa ziada. Tundu hilo hutoa hadi wati 75. Katika zilizopo, ninayoipendekeza ni RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotolewa mwaka 2024. Hula wati 70, yapatikana kwa kimo kifupi, na ilipozinduliwa bei yake ilikuwa chini ya dola 200. Watengenezaji hupendekeza kisanduku cha wati 300 kwa kadi hii. Wa binti ni 250. Nimepiga hesabu: prosesa hiyo imekadiriwa wati 65, kadi 70, jumla 135, ongeza diski, feni na usukani wa kuchomeka, bado hatujafika 200. Kwa rai yangu inapita, ilimradi kisanduku ni kizima na hakijachakaa, na fundi akikague kabla. Asiyetaka kubahatisha achukue GTX 1650 ya kimo kifupi iliyo na gigabaiti 4, isiyohitaji waya, ingawa mimi ningezitaka zile 6.

Hapa pana mtego, na wengi wamenaswa. Kadi mbili zaweza kuitwa jina moja zikawa viumbe tofauti. RTX 3050 ya gigabaiti 8 hula wati 130 na hutaka waya wa umeme. Kwa kompyuta hii haifai, japo nambari 8 yaonekana bora kuliko 6. RTX 3060 nayo ilianza na gigabaiti 12 mwaka 2021, kisha ikaja nyingine ya gigabaiti 8 yenye njia nyembamba ya data na nguvu pungufu, kwa jina lilelile. Basi usiandike jina tu katika karatasi ya kwendea dukani. Andika jina, gigabaiti, wati, na maneno "kimo kifupi". Boksi likifunguliwa, hakikisha mna bamba fupi la kufungia, maana bila bamba hilo kadi haikazwi mahali pake.

Wenye kasha la kusimama na kisanduku cha wati 550 au zaidi wana uwanja mpana. RTX 4060 hula wati 115 tu na ina gigabaiti 8. RX 6600 ina 8 pia na wati 132. RTX 3060 ya gigabaiti 12 ndiyo niipendayo kwa simuleta, ijapokuwa ni ya zamani kuliko ya kwanza, kwa sababu mandhari ya simuleta hula kumbukumbu ya kadi kuliko michezo ya kawaida, na kumbukumbu hiyo haiongezwi baadaye. Ulichonunua ndicho ulicho nacho. Kadi ya Intel iitwayo Arc B580 ina gigabaiti 12 na ilitoka kwa dola 249, lakini hupoteza nguvu nyingi ikichomekwa katika kompyuta ya zamani, basi msiichukue kwa ajili ya bei.

Nduguze binti wataka simuleta iunganishwe na televisheni kubwa ya sebuleni. Naomba wavumilie. Skrini ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080, kama milioni 2. Televisheni ya 4K ina kama milioni 8. Kadi ileile yapewa kazi mara nne, na ya binti haitaiweza. Ikibidi, televisheni yenyewe ipangwe kupokea 1920 kwa 1080. Kadi za RTX zina ujanja wa kuchora picha ndogo kisha kuikuza, uitwao DLSS, nao unasaidia kweli. Ila nambari ndogo za vyombo hufifia kidogo, na kwa mwanafunzi wa vyombo hilo ni kero.

Kuna wanaomshawishi ahamie toleo la 2024. Asihamie. Hilo lataka kwa uchache RAM 16 na kadi ya gigabaiti 4, lakini linalopendekezwa ni RAM 32 na kadi ya 8, na mandhari yake mengi huletwa na intaneti papo hapo wakati ndege iko angani, kwa kasi isiyopungua megabiti 10 kwa sekunde. Kwa nyumba inayonunua bando la siku, huo ni mfereji usio na koki. Asiye na intaneti ya kudumu aijaribu X-Plane 12, ambayo mandhari yake hukaa kwenye diski na ina onyesho la bure la kujaribia. Iko pia FlightGear, ambayo ni bure kabisa na huridhika na kompyuta dhaifu. Haipendezi machoni, lakini yafunza.

Wengi wataniuliza juu ya kadi za mtumba. Sizikatazi. Ila Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kutegemea kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanyishwa kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Si zote ni mbovu. Feni zake ndizo huchoka mwanzo. Hatari kubwa zaidi ni kadi za kughushi: kadi kongwe iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijitangaze kwa jina jipya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z husaidia kuzifichua. Mwambie muuzaji aichomeke mbele yako, aiendeshe nusu saa, nawe usikilize feni. Akikataa, mshukuru uende zako. Sote twakijua kisa cha muuza nafaka aliyeweka kavu juu na iliyolowa chini. Muuzaji anayejua aibu ya kadi yake akainyamazia hana tofauti naye, na mnunuzi ana haki ya kurudisha. Risiti iwe na jina kamili la kadi na muda wa dhamana.

Kuhusu ule mkopo wa simu, mimi si mufti na swali la hukumu lipelekwe kwa sheikh wa msikiti wako. Ninayoweza kueleza ni umbo la biashara yenyewe. Wanazuoni wengi wameruhusu mwenye duka auze kwa mafungu kwa bei ya juu kuliko taslimu, madhali bei hiyo imekubaliwa siku ya mauziano na haigeuki tena. Hapa sivyo. Mwenye mkopo hauzi kadi. Akopesha 70,000, adai zaidi ya 70,000, na kila ukichelewa deni lavimba. Aya za 275 hadi 279 za Suratul-Baqara zamtosha kila mmoja wetu. Benki zinazofuata sharia zina utaratibu wa murabaha, ambapo benki hununua bidhaa kisha hukuuzia kwa faida iliyotajwa waziwazi, lakini kwa kadi hii sioni haja hata ya hilo. Mama aulize bei ya vitu vitatu kwa utaratibu huu: RAM, diski, kadi. Vyote vikiingia katika zile 50,000, alhamdulillahi. Visipoingia, anunue viwili vya kwanza, na kadi ingoje zamu nyingine ya chama. Hakuna ubaya wowote wa kiufundi katika kungoja. Kadi huchomekwa siku yoyote.

Kadi ikifika, waya wa skrini uchomolewe kwenye tundu la zamani uchomekwe kwenye kadi yenyewe. Nalisema kwa sababu ni malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kuliko yote: "Nimenunua kadi na hakuna kilichobadilika."

Hewa yetu ya chumvi pia ina hesabu yake. Kompyuta isiwekwe kwenye dirisha linalotazama bahari, wala isifungiwe ndani ya kabati, kwa kuwa kasha bapa lina nafasi ndogo ya kupumua na kadi itaongeza joto. Brashi laini ipitishwe kwenye feni kila mwezi. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinachoumia ni kisanduku kile cha wati 250. UPS ndogo ni ghali, lakini ni nafuu kuliko kununua kasha jipya.

Kisha kipimo. Binti na aruke kutoka Manda, ambayo kifupisho chake cha marubani ni HKLU, hadi Moi, HKMO, kwa ndege ndogo ya Cessna 172. Ni kama kilomita 250 kwa mstari ulionyooka, safari ya saa moja na robo hivi. Adhana ikiingia katikati, kitufe kimoja huisimamisha ndege angani mpaka mswali amalize. Kabla ya kuruka awashe kipimo cha fremu kilichomo katika sehemu ya wasanidi ndani ya mipangilio ya simuleta. Juu ya msitu na bahari nambari zitakuwa nzuri, asizitazame. Azitazame akiwa juu ya kisiwa cha Mombasa, futi 1,500, anapojipanga kutua. Kipimo kikiandika "Limited by GPU", kadi ndiyo inayolemewa, na tiba ni kupunguza mawingu na ubora wa picha. Kikiandika "Limited by MainThread", ni prosesa. Apunguze ndege nyingine za angani na umbali wa majengo, wala asikubali kuuziwa kadi nyingine. Aniandikie maneno hayo na nambari ya fremu, niyachapishe hapa kwa faida ya wenzake.

Wabillahi tawfiq.